Henry Draper (1837–1882): Tabibu Aliyeinasa Nebula kwa Bamba la Kioo

Utangulizi

Mwanafalaki wa leo akiitafuta nyota ya Vega katika orodha za nyota, ataikuta imeandikwa HD 172167. Sirius, nyota iliyo angavu kuliko nyota zote za usiku, ni HD 48915. Kuna nyota nyingine zaidi ya laki mbili zilizoandikwa kwa namna hiyo, na nyingi kati yake hazijapata jina jingine linalojulikana na watu. Herufi H na D ni za Henry Draper, tabibu na mwalimu wa New York ambaye hakuajiriwa na kituo chochote cha falaki. Aliitazama mbingu usiku, katika shamba la familia yake, baada ya kazi ya mchana iliyompa riziki.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo kwa kulenga hasa usiku wa Septemba 30, 1880, alipopiga picha ya nebula kwa mara ya kwanza katika historia. Aidha, yanachunguza suala ambalo wasifu wa watu mashuhuri hulipita kwa haraka: jina linapobaki limeandikwa juu ya kazi kubwa, ni mikono ya nani iliyoifanya kazi hiyo?

Kabla ya kuendelea, inafaa kufafanua maneno matatu. Neno mnajimu limezoeleka kwa maana ya anayebashiri mambo ya watu kwa nyota. Kwa sababu hiyo hapa tunatumia mwanafalaki kwa anayezichunguza nyota kisayansi. Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi lililo mbali sana katika anga za nyota. Ridhaa nayo ni kufanya jambo kwa kulipenda, pasipo kulifanya kuwa ajira. Draper alikuwa mwanafalaki wa ridhaa, na neno hilo halipunguzi hata chembe ya uzito wa aliyoyatenda.

Malezi na Elimu

Henry Draper alizaliwa Machi 7, 1837 katika wilaya ya Prince Edward, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Mamake, Antonia Gardner, alikuwa na asili ya Brazil. Babake, John William Draper, alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani na kuwa profesa wa kemia. Henry alipokuwa mtoto wa miaka miwili hivi, familia ilihamia New York, ambako baba alipata nafasi ya kufundisha katika chuo kikuu cha jiji hilo.

Wakati huo upigaji picha ulikuwa ndio kwanza umetangazwa kule Ufaransa. John William Draper aliudaka ujuzi huo mapema, akamkalisha dadake, Dorothy, mbele ya kamera na kupata mojawapo ya picha za mwanzo kabisa za uso wa binadamu. Mwaka wa 1840 alipiga picha ya mwezi, nayo pia ikawa miongoni mwa za kwanza duniani. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Henry alikulia katika nyumba ambamo kemia na nuru vilikuwa mazungumzo ya kila siku, na akiwa kijana mdogo alimsaidia babake kupiga picha za vitu vilivyokuzwa kwa hadubini kwa ajili ya kitabu cha fiziolojia.

Aliingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 15 na baada ya miaka miwili akahamia masomo ya udaktari. Tasnifu yake ilihusu kazi za wengu, na aliipamba kwa picha alizozipiga mwenyewe kwa hadubini. Alikamilisha mahitaji yote ya shahada mwaka wa 1857, ila hakupewa kwa kuwa alikuwa hajatimiza miaka 21. Ikambidi kungoja. Kungoja huko ndiko kulikoyageuza maisha yake.

Safari ya Ireland

Katika mwaka huo wa kungoja, Henry alisafiri Ulaya pamoja na kakake Daniel. Walifika Birr, nchini Ireland, katika makazi ya Lord Rosse, bwana mwenye mashamba aliyejijengea darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani. Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 72, yaani karibu mita mbili. Rosse aliitumia kuzitazama nebula na kuzichora kwa kalamu.

Kijana Draper alivutiwa na darubini hiyo, na hapo likamjia wazo: kama babake aliweza kuunasa mwezi kwa kamera, kwa nini vyombo vingine vya mbinguni visinaswe kwa namna iyo hiyo? Wazo hilo halikuwa dogo. Wachoraji wa nebula walikuwa hawakubaliani. Kila mmoja aliichora kulingana na jicho lake, mkono wake na matarajio yake, hivyo michoro miwili ya nebula moja ilitofautiana. Mtu alipoona tofauti kati ya mchoro wa zamani na wa sasa, hakuweza kujua iwapo nebula ndiyo iliyobadilika au mchoraji ndiye aliyekuwa mwingine.

Kioo Kilichopasuka

Draper alirejea nyumbani mwaka wa 1858, akapokea shahada yake na kuanza kazi katika hospitali ya Bellevue, New York. Mwaka wa 1860 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo kikuu alichosomea. Baadaye alifundisha fiziolojia na kuwa mkuu wa kitivo cha udaktari. Mwaka wa 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, alihudumu kama daktari mpasuaji wa kikosi cha 12 cha New York hadi afya yake ilipomlazimu kurudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake rasmi. Kazi ya moyo wake ilikuwa Hastings-on-Hudson, kando ya mto Hudson, kaskazini ya jiji, katika shamba la babake. Huko ndiko alikojenga nyumba ya darubini.

Kioo chake cha kwanza hakikuwa cha bilauri bali cha madini yaliyochanganywa kwa shaba na bati, kama kilivyokuwa cha Rosse. Alikimimina, akakisugua na kukisawazisha kwa muda mrefu. Majira ya baridi maji yalipenya katika kasha lililokihifadhi, yakaganda na kutanuka, na kioo kikapasuka. Kazi ya miezi mingi ikaharibika usiku mmoja.

Mwaka wa 1860 babake alihudhuria mkutano wa wanasayansi mjini Oxford, Uingereza. Huko alimweleza John Herschel, mwanafalaki maarufu, juu ya jitihada za mwanawe. Herschel akashauri kijana aachane na madini, atumie bilauri iliyopakwa utando mwembamba wa fedha. Bilauri ni nyepesi kuliko madini, na fedha inapochujuka hufutwa ikapakwa upya bila kuharibu umbo la kioo.

Draper aliufuata ushauri huo, akaanza upya. Hakuridhika na kioo kimoja. Alisugua na kung'arisha vioo zaidi ya mia moja, vidogo kwa vikubwa, akiunda mashine na kuziacha, akipima na kurekebisha, hadi akapata kioo cha inchi 15.5 kilichomridhisha. Kwa kuwa mwezi husogea angani, alibuni njia ya kulisogeza bamba la picha polepole kwa nguvu ya saa ya maji ili lifuatane nao. Kwa darubini hiyo alipiga picha za mwezi zipatazo 1,500. Mwaka wa 1864 taasisi ya Smithsonian ilichapisha maelezo yake ya namna ya kuunda darubini ya namna hiyo. Maandishi hayo yakawa mwongozo wa mafundi na wapenzi wa falaki kwa miaka mingi. Hakuficha makosa yake. Msomaji alionyeshwa pia njia zilizoshindikana.

Ndoa na Kazi ya Wawili

Mwaka wa 1867 Draper alimwoa Mary Anna Palmer, binti wa tajiri Courtlandt Palmer. Inasimuliwa kuwa hata shughuli za fungate yao hazikukosa safari ya kununua bilauri ya kutengenezea kioo kikubwa zaidi cha inchi 28. Kioo hicho kilikamilika mwaka wa 1872. Hawakujaliwa watoto, na darubini ikawa shughuli yao ya pamoja. Wakati wa kiangazi waliishi Dobbs Ferry, mwendo wa kama maili mbili kutoka Hastings, na usiku wa anga safi walifuatana hadi kwenye darubini.

Ili kuuelewa mchango wa Mary Anna yafaa kuifahamu kazi yenyewe. Mabamba ya wakati huo yalikuwa vipande vya bilauri vilivyopakwa dawa iitwayo kolodioni na kutiwa chumvi za fedha. Bamba lilipaswa kupakwa, kutumiwa na kusafishwa kwa dawa likiwa bado bichi. Likikauka, halikuwa na faida tena. Mpakaji alihitaji mkono mtulivu na hesabu kamili ya wakati. Mpakaji huyo alikuwa Mary Anna. Bila bamba lake, darubini ya mumewe ilikuwa jicho lisilo na kumbukumbu.

Mnamo Agosti 1872 waliielekeza darubini ya inchi 28 kwenye Vega na kuipiga picha spektra yake, yaani nuru ya nyota hiyo iliyotawanywa katika rangi zake. Picha ilionyesha mistari myeusi ikiikata nuru hiyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuinasa mistari ya nyota kwa picha kabla ya hapo. Kwa mistari hiyo mtu huweza kusoma nyota imeumbwa kwa elementi gani, mithili ya msomaji anavyoufahamu ujumbe kwa kuzijua herufi.

Sifa zikaanza kumfikia. Mwaka wa 1874, sayari ya Zuhura ilipotarajiwa kupita mbele ya jua, serikali ya Marekani ilimpa jukumu la kusimamia maandalizi ya upigaji picha wa misafara yake, na Bunge la nchi hiyo likamtunuku nishani ya dhahabu. Mwaka wa 1878 aliongoza msafara wa kwenda Rawlins, Wyoming, kutazama kupatwa kwa jua. Mvumbuzi Thomas Edison alikuwa mmoja wao, na Mary Anna pia. Kazi aliyopewa Mary Anna ilikuwa kuhesabu sekunde kwa sauti wakati jua limefunikwa. Ili asivutwe na maajabu hayo akapoteza hesabu, aliwekwa ndani ya hema. Wenzake waliitazama mbingu ikigeuka usiku mchana. Yeye aliihesabu bila kuiona.

Si kila alichodai Draper kilisimama. Mwaka wa 1877 alitangaza kuwa ameona dalili za oksijeni katika spektra ya jua kupitia mistari angavu. Wanasayansi wengine waliichunguza hoja hiyo na hatimaye ikakataliwa. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wasifu unaoficha kuteleza kwa mhusika wake hugeuka kuwa sifo.

Usiku wa Septemba 30, 1880

Katika kundi la nyota liitwalo Orion kuna nyota tatu zilizojipanga kwa mstari ulionyooka. Kando yake huning'inia nyota nyingine hafifu, na katikati ya hizo mna kitu kama ukungu. Msomaji wa Afrika Mashariki aliye mbali na taa za mji anaweza kukiona kwa macho jioni za Desemba hadi Machi, kundi hilo linapopanda juu angani. Huo ukungu ndio nebula ya Orion. Umbali wake ni zaidi ya miaka 1,300 ya mwendo wa nuru, na ndani yake nyota mpya zinazaliwa.

Kwa nini ilikuwa vigumu kuipiga picha? Mwezi unang'aa, na hata nyota ni nukta iliyokusanya nuru yake mahali pamoja. Nuru ya nebula imetandazwa kama maziwa kidogo yaliyomwagwa kwenye beseni la maji. Bamba lilihitaji kuachwa wazi kwa muda mrefu, lakini bamba la kolodioni lingekauka kabla ya nuru ya kutosha kuingia.

Ufumbuzi ulipatikana London. Mwaka wa 1879 Draper alimtembelea William Huggins, mwanafalaki mwingine wa ridhaa aliyekuwa zamani mfanyabiashara wa vitambaa na ambaye alifanya utafiti nyumbani kwake akisaidiana na mkewe, Margaret. Miaka 15 kabla ya hapo, Huggins ndiye aliyekuwa amethibitisha kwa spektra kwamba baadhi ya nebula ni gesi wala si nyota nyingi zilizosongamana. Kwake Draper alijifunza habari za mabamba makavu ya jelatini. Mabamba haya hayakutegemea ubichi wa dawa. Yangeweza kukaa wazi saa nzima na zaidi.

Kilichobaki ni ufuatiaji. Dunia inazunguka, na nyota huonekana kuhama kutoka mashariki kwenda magharibi. Darubini isipozifuata, kila nyota huacha mchirizi na nebula huvurugika. Draper alitumia darubini ya lenzi ya inchi 11 iliyotengenezwa na mafundi wa Alvan Clark, iliyozungushwa na mtambo wa saa kinyume na mzunguko wa dunia.

Usiku huo wa Septemba 30 aliliacha bamba wazi kwa dakika zipatazo 50. Jicho la mwanadamu haliwezi kuweka akiba: nuru linayoipokea sasa huiachilia papo hapo. Bamba huiweka. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa muda usiofika saa moja kibaba cha nuru kilijaa. Bamba liliposafishwa, sehemu angavu ya nebula ilionekana. Nyota kubwa zilikuwa zimevimba kwa kuzidiwa na nuru, na kingo za wingu hazikufika mbali. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza nebula ilikuwa imejiandika yenyewe bila kupitia mkono wa mchoraji.

Draper hakuishia hapo. Mwaka wa 1881 aliongeza muda hadi dakika 104. Mnamo Machi 14, 1882 alifikia dakika 137. Picha hii ya mwisho ilionyesha mikunjo ya wingu na nyota hafifu mno. Nia yake ilikuwa kuwaachia wa baadaye kipimo cha kulinganishia, ili swali la mabadiliko ya nebula liamuliwe kwa ushahidi.

Kifo

Januari 1882 babake alifariki, na Henry akashika nafasi yake ya kufundisha kemia. Mwaka huo huo aliamua kujiuzulu ili atumie siku zake zote kwa utafiti. Baada ya miaka 20 ya kuiba saa za usiku, mchana nao ungekuwa wake.

Hakuupata. Katika majira ya vuli alikwenda kuwinda katika milima ya Rocky pamoja na marafiki. Dhoruba ya theluji iliwakumba juu mlimani, mahali pasipo mti wa kujikinga. Alirejea New York akiwa amedhoofika. Novemba 15, yeye na Mary Anna waliwakaribisha nyumbani kwao wanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi kwa karamu, chini ya taa za umeme za Edison zilizokuwa bado kitu kigeni. Draper aliugua papo hapo karamuni. Siku tano baadaye, Novemba 20, 1882, alifariki kwa kichomi cha mapafu yote mawili. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Urithi

Miezi miwili na siku chache baadaye, Januari 30, 1883, Mwingereza Andrew Common aliipiga picha nebula ile ile ya Orion akiwa katika bustani ya nyumba yake huko Ealing, karibu na London. Picha yake ilizipita zote za Draper, kwani ilidhihirisha nyota ambazo jicho halikuziona hata kwa darubini. Common alikuwa mhandisi wa usafi wa majengo. Mwaka wa 1888 Isaac Roberts, aliyepata mali kwa kazi ya ujenzi, alipiga picha ya Andromeda iliyoonyesha umbo lake la pia. Tabibu, mhandisi na mjenzi: hao ndio walioifungua njia hii, kila mmoja nyumbani kwake.

Mary Anna alibaki na darubini, mabamba na maelfu ya saa za ujuzi. Kwanza alikusudia kuiendeleza kazi mwenyewe. Miongoni mwa wageni wa karamu ile ya mwisho alikuwapo Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha falaki cha chuo kikuu cha Harvard, aliyejitolea kumsaidia. Mwaka wa 1886 Mary Anna alianzisha hapo hazina ya kumkumbuka mumewe, akatoa fedha mwaka baada ya mwaka na kuikabidhi darubini ya inchi 11, ile ile iliyoinasa nebula ya Orion.

Kazi ya hazina hiyo ilikuwa kupiga picha spektra za nyota za mbingu nzima na kuziainisha, na walioifanya kwa wingi walikuwa wanawake. Williamina Fleming, Mskoti aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Pickering, aliongoza orodha ya kwanza iliyotoka mwaka wa 1890 ikiwa na nyota zaidi ya 10,000. Ni yeye pia ambaye mwaka wa 1888 aliigundua katika bamba nebula ya Kichwa cha Farasi, iliyo katika kundi lile lile la Orion. Antonia Maury, mpwa wa Henry Draper, alichambua spektra za nyota angavu kwa undani usiokuwa na kifani. Annie Jump Cannon akazipanga nyota 225,300 katika orodha iliyochapishwa kati ya mwaka wa 1918 na wa 1924. Hiyo ndiyo orodha ya HD. Mary Anna hakuiona; alifariki mwaka wa 1914.

Hitimisho

Wasifu wa mtu mashuhuri aghalabu huandikwa kana kwamba mhusika alisimama peke yake. Maisha ya Henry Draper yanatufundisha kinyume chake. Ushauri uliomwokoa baada ya kioo kupasuka ulitoka kwa Herschel kupitia kwa babake. Mabamba makavu aliyafahamu kwa Huggins. Mabamba mabichi yalipakwa na mkewe, na orodha iliyolidumisha jina lake iligharimiwa na mjane wake na kuandikwa na wanawake ambao majina yao hayamo katika herufi zile mbili.

Haya hayamwondolei Draper heshima yake. Ni yeye aliyesugua vioo zaidi ya mia moja, na ni yeye aliyeamini kuwa wingu lile hafifu lingeweza kujiandika. Lakini mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuandika wasifu kwa Kiswahili, uwe wa mtunzi wa mashairi au wa mwanasayansi, ana la kujifunza hapa: anapolitaja jina lililobaki, na atafute pia aliyekuwa ndani ya hema akihesabu sekunde.